Mume wangu ameambiwa aache vidonge ili atiwe seli shina

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Majengo, Mombasa, mwanamke wa miaka 39, na Mungu ametujalia mimi na mume wangu watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kuna jambo lililotugawa, na kila mmoja anayelizungumza analizungumza kwa mapenzi, hivyo sina hata mtu wa kumkasirikia.

Mume wangu ana miaka 46 na ni dereva wa malori yanayobeba makasha kutoka bandarini. Mwanzoni mwa mwaka huu mpwa wake alikuwa apasuliwe, ikatakiwa jamaa wajitokeze kutoa damu, naye akawa wa kwanza kwenda. Baada ya siku chache alipigiwa simu, akaitwa, na akaambiwa kwa faragha kwamba damu yake haikuweza kutumika kwa kuwa imekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuwa na manjano wala maumivu, na kazi alikuwa akiifanya kama kawaida. Tulipofika kwa daktari bingwa alipimwa wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini, na ugumu wa ini kwa mashine ya FibroScan, na ugumu huo ukawa kilopaskali 10.4. Daktari alitueleza kuwa ini limekwisha kuingia makovu, ingawa halijafika kwenye sirosisi, yaani hatua ya ini kujaa makovu na kukakamaa. Akamwandikia tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, na akasema kuwa huenda akakimeza maisha yake yote.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomvunja moyo. Katika hali hiyo shemeji yangu akamleta nyumbani bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala wa kliniki iliyo nje ya nchi. Bwana huyo anasema wanatibu makovu ya ini kwa njia mbili kwa pamoja: mgonjwa hutiwa seli shina zilizotolewa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, mara tatu kwa dripu, na kwa miezi sita hunywa unga wa polisakaridi za mimea, ambao anasema huzilisha seli hizo na kuyayeyusha makovu. Gharama yake ni shilingi 850,000, na anataka 300,000 za mwanzo kabla ya mwezi kwisha. Ametuonyesha karatasi za utafiti zenye picha za maini, pamoja na majibu ya damu ya mgonjwa wake mmoja yanayoonyesha kimeng'enya cha ALT kikishuka kutoka 140 hadi 35. Binti yangu wa kwanza, ambaye yuko chuoni, alizitafuta karatasi zile akazikuta ni za kweli, ila aliniambia kwa sauti ya chini kwamba zote zinazungumzia panya.

Lililonitisha zaidi ni sharti alilotoa, kwamba mume wangu aache tenofoviri wiki kadhaa kabla ya kutiwa seli, kwa madai kuwa dawa za hospitali huziua seli mpya. Juzi nilivihesabu vidonge vilivyomo chupani nikakuta vimezidi idadi inayopaswa kubaki. Nadhani hajameza kwa siku tisa. Sijamwambia kuwa ninajua.

Fedha hizo hatuna, isipokuwa niuze kiwanja cha Mtwapa nilichorithi kwa marehemu baba. Shemeji anasema kiwanja hurudi lakini mtu harudi. Mavyaa wangu naye hataki habari za seli. Yeye kila asubuhi humkamulia mwanawe shubiri na kumchemshia mwarobaini, na amekwisha kumtengea sahani na kikombe chake peke yake, jambo ambalo naona linamdhalilisha mbele ya watoto.

Je, tiba hii ipo kweli? Je, niuze kiwanja? Na niseme nini kwa mume wangu kuhusu vile vidonge?

Mama wa Watatu, Majengo.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimekwama pale ulipovihesabu vidonge. Nitakujibu juu ya seli na mimea kwa urefu unaostahili, lakini jambo la chupa ndilo la kwanza kwa sababu halingoji mwisho wa mwezi. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akiiacha tenofoviri ghafla, virusi vilivyokuwa vimebanwa huweza kurudi kuzaliana kwa kasi, kinga ya mwili ikavishambulia, na katika mapambano hayo seli za ini zikafa kwa wingi. Mwenye ini zima huweza kulihimili pigo hilo, lakini aliye na makovu ya kiwango cha mume wako ana akiba ndogo, na wapo waliofikia ini kushindwa kabisa kufanya kazi. Kwa hiyo ninakuomba wiki hii, kabla hamjajadili jambo jingine lolote na shemeji, mrudi kwa daktari wake, mumwambie bila kuficha kwamba dozi zimekatika na kwa siku ngapi, apimwe ALT, bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo iliyomo katika damu) na utendaji wa figo, na arudishwe kwenye dawa kwa maelekezo ya daktari huyo. Ukiona macho yake yamekuwa ya manjano, au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, au tumbo limevimba, au anaanza kuchanganyikiwa katika maneno, au anatapika damu, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Namna ya kumwambia unaijua wewe kuliko mimi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wanaume wengi wanaoacha dawa za namna hii huziacha kwa sababu kidonge cha kila siku huwakumbusha kila siku kwamba ni wagonjwa, nao hujiona wazima. Usianze na hesabu ya vidonge, maana ataona umemchunguza. Anza na yale maneno ya daktari yaliyomvunja moyo, kwa kuwa nadhani hakuna aliyemweleza upande wa pili wa maneno hayo, ambao ni habari njema.

Habari yenyewe ni hii. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa kovu la ini likishaingia halitoki. Sasa inajulikana kwamba linaweza kurudi nyuma, na ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo hilo kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya B umetoka kwenye kidonge kile kile ambacho mume wako amekiacha chupani. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 348 waliotolewa kipande cha ini kabla ya kuanza tenofoviri na kutolewa kingine baada ya miaka 5 ya kuimeza. Nusu yao, yaani asilimia 51, makovu yao yalikuwa yamepungua. Na miongoni mwao walikuwamo 96 walioanza wakiwa tayari na sirosisi, hatua ambayo mume wako hajaifikia, na 71 kati yao hawakuwa na sirosisi tena ulipofika mwaka wa tano. Hao walikuwa watu, si panya, na walichokifanya ni kumeza kidonge kimoja kwa siku bila kukatiza.

Ili uelewe kwa nini ilikuwa hivyo, na kwa nini sharti la yule wakala ni la hatari, inafaa ujue kovu la ini hutokeaje. Ndani ya ini lenye afya kuna seli zinazoitwa seli nyota, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuhifadhi vitamini A. Ini linapojeruhiwa, iwe kwa virusi, kwa pombe, kwa mafuta yaliyojaa ndani yake au kwa sumu, seli hizo hubadilika tabia, zikaacha kuhifadhi na zikaanza kufuma nyuzi za kolajeni kuziba mahali palipoumia. Wewe ni mtu wa Mombasa, umewaona mafundi wakitia kalafati kwenye nyufa za jahazi. Kazi yao ni njema na bila wao chombo kingezama. Lakini chombo kikigongwa kila siku mahali pale pale, nao wakishindilia pamba kila siku, itafika siku mbao zenyewe hazionekani. Mwenye kutaka kuliokoa jahazi hilo hana budi kwanza kuzuia kugongwa. Kinacholigonga ini la mume wako ni virusi, na tenofoviri huvizuia kuzaliana. Jeraha likikoma, seli nyingi kati ya zile zifumazo nyuzi hufa au hurudi kwenye utulivu wake, na mwili wenyewe una vimeng'enya vya kuzikata nyuzi za kolajeni kidogo kidogo. Hiyo ndiyo sababu inachukua miaka.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Binti yako amesoma vizuri, na umpe hongera zangu. Utafiti wa kuunganisha polisakaridi za mimea na seli shina upo, hausemwi kwa uongo, na hoja yake ina mantiki. Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari. Unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina lake, kwa sababu wanga wa ugali ni polisakaridi, ute wa bamia ni polisakaridi, na ule ute mweupe ulio katikati ya jani la shubiri vilevile. Zinazochunguzwa sana kwa ajili ya ini hutoka katika mimea ya tiba ya Kichina, kama vile mzizi wa Astragalus na yale matunda mekundu ya Lycium barbarum yanayouzwa kwa jina la goji. Maabarani baadhi yake zimeonekana kutuliza uvimbe na kupunguza mabaki ya oksijeni yanayozichoma seli. Seli shina zinazotajwa, ziitwazo seli shina za mesenkima, hupatikana katika uboho wa mifupa, katika mafuta ya mwili na katika kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Wengi hudhani kwamba zikitiwa mwilini hugeuka kuwa ini jipya, lakini sivyo inavyoeleweka leo. Zikitiwa kwa dripu, nyingi hunaswa kwanza kwenye mapafu, chache ndizo hufika ini, na hizo chache hazidumu sana. Faida yake, inapotokea, hutokana zaidi na kemikali zinazotolewa na seli hizo, ambazo huituliza kinga ya mwili na kuzisaidia seli za ini zilizopo.

Hapo ndipo watafiti walipoona nafasi ya kuunganisha. Ikiwa tatizo la seli shina ni kwamba zikifika kwenye ini lililovimba hukuta mazingira makali zikafa mapema, basi pengine minyororo hiyo ya sukari inaweza kuyapoza mazingira, seli zikaishi muda mrefu na kufanya kazi zaidi. Ni wazo zuri na ninatamani lifanikiwe. Lakini panya wa maabara hutiwaje makovu? Mara nyingi hudungwa kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi kwa wiki kadhaa, na kemikali hiyo ikisimamishwa ini la panya huanza kupona lenyewe, hata bila dawa. Kwa hiyo panya anayetibiwa katika majaribio hayo ni panya ambaye aliyemjeruhi amekwisha kuweka silaha chini. Mume wako hayuko hivyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli za ini, na nakala hiyo haiondolewi na seli shina wala na polisakaridi. Mtu akiiacha tenofoviri ili atibiwe makovu, atakuwa amewaita mafundi na huku amefungua njia chombo kiendelee kugongwa.

Kuhusu seli shina peke yake, bila mimea, wanadamu wamejaribiwa, na matokeo yametofautiana. Korea Kusini mwaka 2016 walichapisha jaribio la wagonjwa 72 wenye sirosisi iliyotokana na pombe, waliotiwa seli zilizotoka katika uboho wao wenyewe, na kiasi cha kolajeni kikaonekana kupungua kwa asilimia 25 kwa waliotiwa mara moja na asilimia 37 kwa waliotiwa mara mbili. Matokeo hayo yanatia moyo, ingawa idadi ni ndogo na hao hawakuwa wagonjwa wa virusi. Uingereza mwaka 2018 walichapisha jaribio la wagonjwa 81 wenye sirosisi, kwa seli shina za aina nyingine zitokazo katika damu, na hawakuona ini likiboreka kuliko kwa wale waliopata matibabu ya kawaida. Badala yake madhara yalikuwa mengi zaidi kwa waliotiwa seli. Desemba 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya seli shina za mesenkima, lakini iliidhinishwa kwa watoto wanaoshambuliwa na seli walizopandikizwa, baada ya steroidi, dawa za kuishusha kinga ya mwili, kushindwa. Haikuidhinishwa kwa ini. Anayewauzia ninyi tiba ya makovu ya ini kwa shilingi 850,000 anawauzia jambo ambalo wenye kulichunguza bado wanaliuliza maswali.

Kuna zile karatasi za ALT iliyoshuka kutoka 140 hadi 35, na natamani uzitazame upya. ALT hupima ni seli ngapi za ini zinaharibika wakati huo, na haipimi makovu. Mgonjwa anayemeza tenofoviri kwa uaminifu huiona ALT yake ikishuka hivyo hivyo katika miezi ya mwanzo, bila kutiwa seli yoyote. Muulizeni bwana huyo kama mgonjwa wake alikuwa akimeza dawa za virusi katika kipindi hicho. Hata FibroScan inaweza kupotosha, kwa kuwa ini lililovimba husomeka kuwa gumu kuliko makovu yaliyomo, na aliyekula muda mfupi kabla ya kipimo husomeka juu pia. Ndiyo maana mtu hutakiwa kukaa walau saa 3 bila kula. Namba ya mume wako, 10.4, isomeni kwa utulivu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini aina ya B, zaidi ya 7 ni dalili ya makovu ya kuzingatiwa na zaidi ya 12.5 ni dalili ya sirosisi. Yumo katikati, akiwa na nafasi ya kurudi nyuma, na nafasi hiyo ndiyo inayochezewa hivi sasa.

Wala msidhani kwamba seli kwa kuwa zimetoka katika kitovu cha mtoto basi hazina madhara. Mwaka 2018 nchini Marekani watu 12 waliodungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu, katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona, waliambukizwa bakteria na kulazwa hospitalini. Na unga usio na maelezo ya kilichomo una hatari yake. Dawa za unga zinazouzwa kuwa za asili zimewahi kukutwa zimetiwa steroidi ili mtumiaji ajisikie vizuri upesi, na steroidi kwa mwenye virusi hivi huweza kuviamsha.

Iwapo moyo wa mume wako bado unataka kujaribu tiba mpya, ipo njia ya halali. Jaribio la tiba kwa wanadamu hapa Kenya hupitishwa na kamati ya maadili na kuidhinishwa na Bodi ya Famasia na Sumu, huandikishwa katika daftari la wazi la majaribio, mfano lile la Afrika liitwalo PACTR, na mshiriki hupewa maelezo ya maandishi pamoja na haki ya kujitoa wakati wowote. Kwa kawaida mshiriki halipishwi ile dawa inayojaribiwa. Bwana huyo aombwe namba ya usajili wa jaribio lake na barua ya kamati ya maadili, kisha zipelekwe kwa daktari wenu azisome. Nami nasema wazi kwamba mtu anayemtaka mgonjwa wa virusi aache dawa ya virusi na alipe kabla ya mwezi kwisha, simwamini, hata akija na karatasi mia.

Kiwanja usikiuze. Shemeji yako amesema kweli kwamba mtu harudi, lakini hapa fedha za kiwanja hazimnunulii mtu uhai. Ninalisema hili bila kusita, na unaweza kumsomea. Kama kuna fedha ya kutumika, itumike kwenye nauli ya kliniki, vipimo vya damu, na picha ya ini kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, ambayo daktari huiagiza kwa wenye makovu kama haya kwa kuwa saratani ya ini ikigunduliwa ingali ndogo hutibika.

Mavyaa wako namheshimu sana, na asionekane kuwa adui katika jambo hili. Lakini shubiri ya kunywa mwacheni mgonjwa apumzike nayo. Ute wa ndani na ile maji ya manjano iliyo chini ya ganda ni vitu viwili, na anayekamua jani zima huvichanganya. Wapo watu ambao maini yao yamedhurika kwa kunywa bidhaa za shubiri, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka dondoo ya jani zima katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Mwarobaini nao aueleze kwa daktari, aseme kiasi na siku. Mikono yake inayotaka kumhudumia mwanawe ipewe kazi nyingine. Achambue njugu na mahindi, kila penye ukungu patupwe, kwa sababu sumu ya aflatoksini itokanayo na ukungu huo ikikutana na virusi hivi huongeza mno hatari ya saratani ya ini. Wakenya 125 walikufa kwa sumu hiyo mwaka 2004, hasa upande wa Makueni na Kitui, hivyo si jambo la kubuni. Na kama mume wako hupenda kahawa chungu jioni na wenzake, asikatazwe, kwani tafiti nyingi za kuwafuatilia watu zimeona wanywaji wa kahawa huwa na makovu machache ya ini. Muguka na miraa ndivyo vya kuachwa, maana yameripotiwa maini yaliyoharibika kwa watafunaji wa miraa.

Sahani na kikombe virudishwe pamoja na vya watu wote, leo. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula pamoja, kwa kukumbatiana wala kwa kushika mkono. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Vya kutengwa ni wembe, mswaki na kikata kucha. Wewe na watoto wote mpimwe, na mavyaa pia, kwa sababu wengi hupata virusi hivi utotoni bila kujua. Asiyekuwa navyo na asiye na kinga hupewa chanjo, kwa kawaida dozi 3 ndani ya miezi 6. Watoto wako huenda walikwisha kuipata wakiwa wachanga, ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo tafuteni vile vitabu vya kliniki kabla ya kwenda. Mpaka majibu yako yatoke na chanjo yako ikamilike, mtumie kondomu, na hilo usilionee haya kulizungumza naye.

Ukizungumza naye kuhusu kidonge cha maisha yote, mwambie kwamba kinamezwa mara moja tu kwa siku, saa anayoichagua yeye, hata akiwa safarini na lori. Kwa Ramadhani, daktari akimruhusu kufunga, atakimeza wakati wa futari au daku. Nendeni kliniki wote wawili, uichukue na ile chupa ilivyo, na ukipata majibu ya watoto niandikie tena.